Mjadala: Poda za "kuzuia seli za kinga zisife" zipigwe marufuku Uganda?

Mwanzisha mada, Kampala: Mimi nasema NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, izipige marufuku. Tangazo la poda hizi kwa wazee linachukulia kwamba uzee unaua seli zote sawasawa. Sivyo. Seli T (aina ya seli za kinga) changa, zile ambazo hazijawahi kukutana na kimelea, kwa wazee hujiua upesi zaidi kipokezi cha Fas, kinachoiamuru seli ife, kikiguswa. Lakini seli za CD8, yaani seli T zinazoua seli zilizoambukizwa, zikipoteza CD28, alama inayozisaidia kuamka, hugoma kufa, zikajirundika. Ukizuia kifo ovyo, unawalinda hao wagomaji.

Mfamasia, Mbale: Taratibu, ndugu. Tezi ya thymus, ambamo seli T hukomaa, husinyaa mapema, kwa hiyo mzee wa miaka 80 ana seli T changa chache mno za kupokea chanjo mpya. Kuziokoa hizo ni jambo la maana. Poda haijathibitisha lolote, sawa, ila lengo si upuuzi.

Fundi wa maabara, Entebbe: Basi muuzaji aseme ni seli zipi, kisha alete kipimo. Anneksini V, protini ya kupimia, hushika seli inayoanza kufa, ila bila kalsiamu haishiki kitu. Ukitumia tyubu ya kofia ya zambarau bila kusafisha seli vizuri, EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande) iliyobaki inainyakua kalsiamu yote na unasoma "hakuna kifo". Weka kalsiamu milimola 2.5 kwa lita, dakika 15 gizani, rangi ya propidiamu ya kutenga zilizokwisha kufa, usome ndani ya saa moja. Na damu iliyotoka mbali, mfano mjini Arua, ikikaa njiani kutwa, seli zinafia kwenye tyubu, halafu anasingiziwa mzee! Lazima damu ya kijana isafiri kwenye boksi hilohilo.

Mfamasia, Mbale: Na kirusi cha CMV je? Huku kwetu karibu kila mtu mzima anacho, na ndicho kinachozijaza hizo CD8 zisizo na CD28. Majibu ya wazee wa Ulaya, ambao baadhi yao hawana kirusi hicho, hayatufai yalivyo.

Mwanzisha mada, Kampala: Kwa nini basi tusiziue hizo zilizogoma?

Fundi wa maabara, Entebbe: Navitoclax, dawa ya majaribio, hulenga kuua seli zinazogoma kufa kwa kuziba Bcl-2 na Bcl-xL, protini zinazozuia seli zisife. Shida, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, nazo zinaishi kwa Bcl-xL. Zikishuka, mgonjwa yuko hatarini kuvuja damu. Mimi ningepiga marufuku maneno ya kwenye kopo, si unga wenyewe. Mzee akiupenda kwenye uji, anywe. Asiuziwe kama dawa na kumaliza shilingi 25,000 zake za SAGE, posho ya serikali kwa wazee, za mwezi mzima.