Nyota za nyutroni zimemaliza ubishi juu ya Einstein?

Mleta mada: Wakuu, habari za usiku. Nimechoka kusikia kwamba nadharia za mvutano zinazompinga Einstein zimekufa, nyota za nyutroni ndizo zimezizika, na anayeziandikia leo anakula hela za bure. Nabisha. Zilizozikwa ni nyingi, ila si zote.

Ushahidi wenyewe ni mzito, sikatai. Nyota ya nyutroni ni kiini kilichobanana cha nyota kubwa iliyolipuka; ina uzito wa kulishinda Jua, lakini ukiishusha Dar inaenea ndani ya jiji na nafasi inabaki. Mimi napenda mfumo wa PSR J0337+1715, uliotangazwa 2014. Kuna pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayomulika kama mnara wa bandarini, na hii inajizungusha mara 366 kwa sekunde. Inazungukana na nyota kibete nyeupe, yaani masalia ya nyota ya kawaida iliyozimika, kwa siku 1.6, na kibete nyingine inawazunguka wote wawili kwa siku 327. Kwa hiyo wale wawili wa ndani wanaanguka pamoja kuelekea yule wa nje. Einstein anasema wataanguka sawasawa, ingawa mmoja kabanwa na mvutano wake mwenyewe kuliko mwenzake. Nadharia pinzani kama ya wanafizikia Brans na Dicke ya 1961 inasema watapishana kidogo. Vipimo vya 2018 vikasema: tofauti, kama ipo, haizidi sehemu 2.6 kwa milioni.

Sasa, mwanafizikia Milgrom alipoleta wazo lake la MOND mwaka 1983, yaani kuibadili kanuni ya mvutano, alikuwa anazungumzia mvutano dhaifu mno, kule pembezoni mwa galaksi. Pulsa ni kinyume chake kabisa. Mtu kashukia Chalinze, nyie mnamtafuta Mbeya!

Mwalimu: Mkuu, hapo umeteleza. MOND peke yake ni kanuni tu, lazima ivalishwe nadharia kamili. Mwanafizikia Bekenstein aliivalisha nadharia iitwayo TeVeS mwaka 2004. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni zikanaswa zikigongana: mawimbi ya mvutano yalifika, na sekunde 1.7 baadaye miale ya gama, ambayo ni aina ya mwanga, baada ya safari ya miaka kama milioni 130. TeVeS ilitaka viachane mbali zaidi. Kwisha habari yake, pamoja na kundi zima la nadharia zilizotaka kueleza kwa nini ulimwengu unazidi kuongeza kasi ya kutanuka, bila nishati ya giza, ile nguvu isiyojulikana inayodhaniwa kuusukuma.

Mleta mada: Nakubali nusu, Mwalimu. Mwaka 2021 wanafizikia Skordis na Złośnik waliivalisha MOND nadharia nyingine, na mawimbi yake yanakwenda kwa kasi ya mwanga.

Mwalimu: Ndiyo shida yenyewe. Ukikata tawi linachipua jingine, na kila jipya linafanana zaidi na Einstein. Hoja yako ingekuwa na nguvu kama ungeuliza ndani ya nyota kuna nini. Hilo halijajulikana vizuri, na anayepima upana wa nyota anaweza kudhani amekosea mvutano kumbe amekosea maada.

Mpita njia: Na sisi Waafrika tunaingiaje hapa?

Mleta mada: Madishi 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT yako Karoo, Afrika Kusini, na yanapima pulsa hizihizi. Hatuko jukwaani kupiga makofi tu. Mwalimu, hilo la maada nimelipokea, ila kuna kipimo kinachokwepa shida hiyo: pulsa pacha, yaani mbili zinazozungukana, zilizogunduliwa 2003 kwa darubini ya Parkes, Australia. Njia yao inasinyaa milimita 7 kwa siku, vilevile Einstein alivyotabiri.

Mpita njia: Milimita 7, kwa kitu kilicho mbali zaidi ya miaka-nuru 2,000? Wametumia rula gani?

Mwalimu: Rula hakuna, ni saa. Pulsa moja inapiga mara 44 kwa sekunde, nao wanahesabu mapigo bila kupoteza hata moja. Mzunguko wa saa mbili na nusu hivi ukifupika hata kwa chembe ya sekunde, leo huoni kitu. Ila kila mzunguko unawahi zaidi ya uliotangulia, na kuwahi huko kunalimbikizana. Wao walilimbikiza miaka 16.