Mrejesho: Godoro la sponji au la springi?

Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu godoro la futi 5 kwa 6, nikiwa nimekwama kati ya sponji na springi. Ninawashukuru wote mlionijibu. Nilizunguka Kariakoo siku nzima nikifuata rai yenu ya kuuliza uzito wa sponji kwa mita moja ya ujazo badala ya kutazama unene tu, kwa kuwa sponji nyepesi, hata ikiwa ya inchi 10, huanza kubonyea mapema pale kiunoni. Wauzaji wengi walinijibu, "Hii ngumu, bosi," jibu ambalo halikunisaidia, maana ugumu na uzito ni mambo mawili tofauti. La springi lilinivutia kwa sababu hewa hupita ndani yake, jambo lisilo dogo katika joto la Dar es Salaam, lakini bei ilinishinda. Hatimaye nilichukua sponji nzito ya inchi 8, na fedha iliyobaki nikampa fundi wa Keko aongeze chaga, kwani zile za awali zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha mguu. Mgongo umetulia; joto bado lipo, hasa upande wa ukutani.