Mfuniko mmoja wa mtaro umewashinda? Wapanda baiskeli wa Tanga tumechoka

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Jana asubuhi mtoto wa jirani yangu, yuko darasa la tano, alitumwa mafuta ya kula dukani. Akachukua baiskeli ya Phoenix ya baba yake, akaiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya bomba kama tulivyojifunza sote tulipokuwa bado hatufikii siti. Fuso likampigia honi kwa nyuma, akasogea pembeni, gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro usio na mfuniko. Mkono umevunjika mahali pawili. Meno mawili ya mbele hayapo. Mafuta yalimwagika yote, na kitu alichokuwa akililia pale chini ni hayo mafuta, anaogopa kwenda kupigwa nyumbani.

Ule mtaro naujua. Nina wiki ya saba sasa tangu niuone ukiwa wazi.

Naujua kwa sababu shughuli zangu zote za nyumbani nazifanya kwa baiskeli. Nakaa Makorora. Asubuhi naenda Mgandini kuchukua nyanya, vitunguu na nazi. Jumamosi nafunga debe la mahindi kwenye karia kwa mpira wa tyubu, napeleka mashineni. Gesi ikiisha, mtungi mdogo unakaa karia hiyo hiyo. Samaki nafuata Deep Sea mapema kabla jua halijawa kali, na dawa za presha za mama nazifuata upande wa pili wa reli kila mwezi. Baibui nalikunja na kulibana kwa pini ili lisiingie kwenye cheni. Bajaji kila safari ningeimudu wapi?

Na mtu wa baiskeli huona. Aliye ndani ya gari anapita na vioo vimefungwa. Bodaboda anakimbiza abiria. Sisi tunakwenda taratibu, macho yako chini kwenye lami, kwa hiyo tunajua bomba gani linavuja toka mfungo uliopita, nguzo ipi ya umeme imeanza kulala, mbwa yupi ana watoto na usipite karibu yake. Nilijua kuwa mzee wa kahawa wa pale kona anaumwa kabla msikitini hawajatangaza kumchangia, kwa sababu siku tatu sikuona birika lake. Hivyo ndivyo nilivyoliona lile shimo siku ya kwanza. Zege lilikuwa limepasuka kati, nusu imeanguka ndani, nusu imesimama na nondo zimechomoza kama mishikaki.

Siku ile ile nilikata tawi la mwarobaini nikalichomeka ili watu walione kwa mbali. Halafu nikaenda kutoa taarifa. Ofisi ya kwanza wakaniambia barabara hiyo si yao. Ya pili nikakaa kwenye benchi kuanzia saa 3 hadi saa 6, akatoka kijana mmoja akaandika kwenye daftari, akaniuliza, "Mama, una gari?" Nikamjibu nina baiskeli. Akafunga daftari. Sikusimuliwa na mtu, nililiona likifungwa. Nimerudi mara mbili zaidi, naambiwa bajeti, naambiwa mhandisi yuko safari.

Mfuniko mmoja! Nimemuuliza fundi wa mtaani kwetu, akasema mfuko wa saruji hata hauishi, na vipande vya nondo vinaokotwa kwenye kila nyumba inayojengwa. Tena tuko Tanga. Kiwanda cha saruji kipo Pongwe hapo, malori yanatoka na mifuko kwenda mikoani usiku na mchana. Jiji limekosa kilo chache za kufunika shimo ambalo mtoto kaingia na uso?

Hilo la mtaro ndilo lililonitoa machozi, lakini limekuja juu ya mengine. Mji huu tangu zamani ni wa baiskeli. Ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imepigwa mistari na kupewa namba, Barabara ya 1 mpaka ya 21, na ukiwa na baiskeli unaingia ya 8, unatokea ya 14, kazi zako zimekwisha kabla adhuhuri. Babu yangu alikuwa akiikatia baiskeli yake kibati cha leseni kila mwaka, kibati kile bado tunacho kabatini. Serikali ilichukua hela yake kwa sababu ilimtambua kuwa naye ni mtumiaji wa barabara. Leo mjukuu wake anaulizwa kama ana gari.

Angalieni pembeni mwa lami palivyo. Pale tunapotakiwa kupita sisi, mtu kamwaga mchanga na kokoto za kujengea, una miezi. Mbele kidogo gari limeegeshwa, matairi mawili juu ya lami na mawili kwenye njia yetu. Ukilikwepa unaingia katikati ya barabara, unatukanwa. Ukishuka pembeni, ukingo wa lami umekatika, kimo cha kiganja kizima, na ukiwa na debe nyuma kupanda tena hupandi. Bandari imechimbwa, kina kimetoka mita 3 kikafika 13, meli kubwa zinafunga gatini, Alhamdulillahi, mji unapata kazi. Lakini mizigo hiyo inatoka kwa semi, na sisi tumo barabara hiyo hiyo na semi. Nani alikaa akatufikiria?

Na ukifika salama unakokwenda, hupati pa kuiweka. Wiki iliyopita nimekwenda kulipia kitu kwenye jengo moja mjini, sitalitaja. Mlinzi akanifuata mbio: "Mama, baiskeli toa, hapa ni pa wateja." Nilikuwa nimeshika hela ya kulipa mkononi. Nikaifunga kwenye mti ng'ambo ya barabara, nimetoka nakuta kengele imeng'olewa na pampu haipo.

Kuna watakaosema mzazi ndiye mwenye makosa, mtoto wa miaka 11 asipewe baiskeli kubwa. Mimi niliendesha ya namna ile nikiwa na miaka 9 kwenye mitaa hii hii. Baiskeli hazijabadilika. Na mama yake msimguse, tangu jana hajalala, yuko kwenye dirisha la wodi.

Ninachotaka ni vitu vitatu tu. Ule mtaro ufunikwe wiki hii. Kokoto na magari yaondolewe pembeni mwa barabara ya kuelekea sokoni. Na nionyeshwe ni daftari gani linaandikwa taarifa ya mtu asiye na gari, nikaandike mwenyewe kwa mkono wangu. Mwenye namba ya diwani au anayejua mlango sahihi wa kugonga anifuate inbox, nitakwenda kesho saa 2 asubuhi.

NYONGEZA: Mmeniuliza ni wapi hasa. Ukitoka Makorora unaelekea Mgandini, mkono wa kushoto, baada ya mashine ya kusaga, mbele ya mti wa mkungu. Jioni hii nimepita tena. Tawi langu lilikuwa limekauka, mtu kalichukua kwenda kuwashia moto. Nimechomeka jingine, nimelifunga na kipande cha khanga nyekundu. Wenye watoto wanaotumwa njia ile, waambieni leo leo.