Utafiti wa SPRINT unasema presha iwe chini ya 120: je, inamhusu mgonjwa mwenye kisukari?

Tabibu_Zamu:
Wakuu, heshima kwenu. Mgonjwa ni mama wa miaka 68, kisukari aina ya pili, yuko kwenye dawa za presha, amlodipini mg 10 na losatani mg 50. Presha kliniki inacheza 138/80. SPRINT (2015) ilionyesha kushusha namba ya juu hadi chini ya 120 kunapunguza matukio ya moyo kwa robo. Nimshushe hadi huko? Pia nimesoma ripoti ya kisa kimoja, presha sugu (isiyoshuka hata kwa dawa tatu) ilitulia baada ya spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini. Je, inatosha kuniruhusu kumwanzishia?

Mkongwe_wa_Wodi:
Anza na walioachwa nje ya utafiti. SPRINT ilichukua watu 9,361 wa miaka 50 na kuendelea wenye hatari kubwa ya moyo, lakini wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa. Mgonjwa wako hayumo. Wenye kisukari walichunguzwa katika utafiti wa ACCORD (2010), na huko lengo la chini ya 120 halikuleta nafuu ya uhakika kwa jumla ya matukio ya moyo, ingawa kiharusi kilipungua.

Hiyo "robo" nayo igeuze kwanza iwe idadi ya watu. Matukio yalikuwa 6.8% kwa waliolengewa chini ya 140, na 5.2% kwa waliolengewa chini ya 120, kwa miaka mitatu na ushei. Tofauti ni 1.6%, yaani watu kama 60 watibiwe kwa ukali ili mmoja aepuke tukio. Sasa tazama figo: kuumia kwa ghafla kulipanda kutoka 2.5% hadi 4.1%. Tofauti ni ileile! Figo nyingi zilirudi, ndiyo, na moyo ulioharibika haurudi, lakini mgonjwa anastahili kuelezwa pande zote mbili.

Kafu_Sahihi:
Na hiyo 138 imepimwaje? SPRINT walitumia mashine ya kujiendesha: mtu anakaa dakika 5 ametulia, kisha vipimo vitatu, unachukua wastani. Kipimo cha harakaharaka, mgonjwa anaongea, miguu inaning'inia, kafu (mkanda wa kupimia presha) ni ndogo kuliko mkono, mara nyingi husoma juu zaidi. Ukiifukuzia 120 kwa kipimo cha namna hiyo, utakuwa umemshusha kupita walivyoshushwa wale wa utafiti. Tena hata wao, baada ya mwaka mmoja, wastani wa kundi la ukali ulikuwa 121.4, kwa dawa karibu tatu kila mtu.

Mpime pia akiwa amesimama dakika moja. Aliyekuwa chini ya 110 akisimama hakuingizwa SPRINT.

Mfamasia_K:
Mkongwe, kwa heshima, ACCORD si neno la mwisho. Upo utafiti wa BPROAD (2024), China, zaidi ya watu 12,000 wenye kisukari aina ya pili: lengo la chini ya 120 lilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban 21%. Presha kushuka mno hadi kuleta dalili, na potasiamu kupanda kwenye damu, vilikuwa vingi zaidi upande huo. Kwa hiyo lengo hilo linatetewa kwa mama huyu, mradi figo na potasiamu vifuatiliwe.

Kuhusu spironolaktoni: kisa kimoja hakina wa kulinganishwa naye, na presha hushuka yenyewe pia. Ripoti za namna hiyo hufaa kuibua swali au kushtua kuhusu madhara, kama barua ya 1961 iliyohusu thalidomaidi. Swali likiibuka, tafuta jaribio. Hapa lipo: PATHWAY-2 (2015), ambapo spironolaktoni mg 25 hadi 50 ilizishinda dawa nyingine za presha, bisoprololi na doksazosini. Ila wagonjwa wake walikuwa tayari kwenye dawa tatu, mojawapo ya kukojoza. Wako yuko kwenye mbili, na losatani haijafika mg 100. Hiyo si presha sugu.

Tabibu_Zamu:
Nimeelewa. Basi losatani iende 100 kwanza?

Mfamasia_K:
Ndiyo, baada ya kuhakikisha anameza dawa na hatumii dawa za maumivu kama diklofenaki au aibuprofeni, ambazo hupandisha presha. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) na potasiamu leo, rudia baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda zaidi ya 30%, au potasiamu ikivuka 5.5 mmol/L, punguza losatani na utafute sababu. Presha ikibaki juu, ongeza dawa ya kukojoza jamii ya thiazidi kabla ya kuifikiria spironolaktoni, maana ikiungana na losatani kwa mwenye kisukari potasiamu hupanda upesi.