Naomba ushauri: kava la CD linapasuka rangi kwenye mkunjo

Habari zenu wakuu. Tunachapa kava 300 za albamu ya kwaya hapa Moshi, za kuuza siku ya uzinduzi. Karatasi ni nene, gramu 300 kwa mita ya mraba, bluu nzito imejaa hadi ukingoni. Kwenye sampuli wino umepasuka pale pa mkunjo, weupe unaonekana. Tumegeuza karatasi nyuzi zake ziende sambamba na mkunjo, tukaikandamiza mstari kabla ya kukunja. Mipasuko imepungua tu, haijaisha. Bluu nayo (wino wa sayani, yaani bluu-kijani, asilimia 100, na wa majenta, yaani waridi iliyokolea, asilimia 90) imetoka zambarau. Inaniuma, maana mezani kava ndilo linalomsimamisha mnunuzi.

Je, laminesheni (kufunika karatasi kwa plastiki nyembamba) kabla ya kukunja itazuia kupasuka? Na majenta niishushe hadi ngapi?