Mjadala: Kusaka usaili benki za uwekezaji New York, uanze na kijana au na bosi?

Wadau, mdogo wangu mmoja anasoma Marekani na anatafuta nafasi ya mafunzo kazini katika benki za uwekezaji za New York. Ameshaandikia wakurugenzi ishirini, hakuna aliyejibu. Wakongwe wanamwambia akaze, kazi ni kujuana na wakubwa. Mimi napinga, tena kwa nguvu.

Benki ya Goldman Sachs pekee ilipokea maombi zaidi ya 300,000 ya mafunzo ya kiangazi cha 2024, waliopata hawafiki 1 katika 100. Rundo hilo mkurugenzi halishiki, yeye yuko safarini anasaka wateja. Kwenye timu nyingi CV za chuo fulani hukabidhiwa waliosoma chuo hicho, na mara nyingi ni wachambuzi (cheo cha kuanzia kazi kwenye benki hizi) wa mwaka wa kwanza au wa pili, vijana wa miaka 22, 23. Wakishachuja, huulizana: kuna anayemfahamu huyu? Kama mmoja wao uliwahi kuongea naye simu dakika 20 ukamwuliza mambo ya maana, hapo una mtetezi.

Yalinikuta. Nilimfuatilia mkurugenzi mmoja miezi miwili mizima. Siku aliyojibu, barua yake ilikuwa mstari mmoja, akaielekeza kwa mchambuzi wake: ongea na huyu. Kijana yule alinipokea vizuri sana, kisha akaniambia orodha ya usaili ilifungwa wiki iliyopita. Ningeweza kumpata mwenyewe tangu mwanzo. Mpaka leo inaniuma.

Sikatai, neno la mkubwa lina uzito. Akilisema, CV yako inatoka chini ya rundo, na kwa aliyesoma chuo ambacho benki haina mhitimu wake hata mmoja, huenda ndiyo njia pekee. Ila analisema kwa ajili ya nani? Novemba 2016 benki ya JPMorgan ilikubali kulipa takriban dola milioni 264 nchini Marekani kwa sababu ya kuwapa kazi jamaa na marafiki wa vigogo wa serikali barani Asia ili ipate biashara. Mtoto wa mwalimu wa Singida hana biashara ya kumletea mtu. Alichonacho ni maandalizi yake, na mwenye nafasi ya kuyaona ni kijana aliyetoka kwenye usaili huohuo juzi tu.

Muda wao nao tuuheshimu. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa Goldman walisema wanafanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki. Omba dakika 15, usiombe kazi, uliza kazi yenyewe ikoje.

Mliopata usaili kupitia mkurugenzi, njooni hapa: alikupigia debe mwenyewe, au na nyinyi mlirushwa kwa kijana wake?