Upepo na mvua kati ya uwanja wa ndege wa KIA na Boma Ng'ombe, nyie wa pikipiki mnapitaje pale?

MtotoWaKibosho:
Wakuu habari za jioni. Kazi yangu ipo Usa River ila familia ipo Moshi, kwa hiyo kila Ijumaa nashuka na Boxer yangu 150, Jumatatu alfajiri narudi. Siku za kawaida raha tu. Sasa juzi nimetoka kazini saa kumi na moja, kufika King'ori manyunyu, nikasema haya si kitu ngoja nisogee, kuvuka tu njiapanda ya KIA ikashuka mvua ya maana na upepo unanipiga ubavu wa kulia, na pale si mnapajua, tambarare tupu. Nikawa naenda pikipiki imelalia kulia ndo inyooke barabarani. Likaja semi, lile lori refu la trela, kwa mbele, lilipofika usawa wangu pikipiki ikanipeleka KULIA, yaani kwenye semi!! Halafu lilipomaliza kupita nikasukumwa kushoto mpaka tairi ya mbele ikashuka kwenye changarawe. Sikuanguka ila magoti yalitetemeka mpaka Boma Ng'ombe. Mimi nilijua semi linasukuma nje, mbona lilinivuta? Na kioo cha helmeti kilijaa ukungu kwa ndani, nikikifungua mvua inachoma macho kama mchanga. Wife anasema niuze nipande Coaster. Wa kunicheka mnicheke ila mjibu.

fundi_soweto:
Pole mkuu. Semi halikukuvuta, wewe mwenyewe ulikuwa umelala upande ule ili kupambana na upepo. Semi lilipofika likakukinga, upepo ukakatika ghafla, ila wewe bado umelala kulia, utaenda wapi kama sio kulia? Lilipopita upepo ukarudi wote kwa mpigo ndo ukakutupa kushoto. Kwa hiyo ukiliona kwa mbali punguza mwendo mapema, kaa kushoto kidogo ya katikati ya upande wako lakini uache kama mita moja hadi ukingoni, maana utahitaji nafasi pande zote mbili. Bana tenki kwa magoti, mikono iwe legelege. Ukikaza mikono, kila upepo ukikutikisa mabega na usukani nao unatikisika.
Ulivaa koti gani? Na nyuma ulibeba nini?

MtotoWaKibosho:
Koti lile la kujitumbukiza kichwani, linafunika mpaka tenki. Nyuma mkungu wa ndizi mshale.

chalii_wa_ngarenaro:
😂😂😂 arif unatoa ndizi Usa unapeleka KIBOSHO?? hiyo ni kesi nyingine kabisa

Ila serious, lile koti ni tanga la jahazi, tafuta la suruali na jaketi, hata la bei ya chini, libane kiunoni. Mimi nina miaka tisa kwenye boda hapa town na nakwambia mvua mbaya ni zile dakika za mwanzo, vumbi na oili ya magari vinachanganyika na maji barabara inakuwa kama imepakwa mlenda, ikishanyesha sana inaosha. Kwa hiyo manyunyu ya King'ori ndo yalikuwa ya kuyaogopa. Mistari ya rangi, zebra na vyuma vya madaraja pita umenyooka, usilale wala usikamate breki hapo juu. Na breki ya mbele kwenye mvua usiiguse kabisa.

Kioo chukua kipande cha sabuni ya mche kikavu, paka kwa ndani kidogo tu halafu futa na kitambaa laini mpaka uone vizuri. Ukungu haukai. Mikono ikifa ganzi huwezi hata kusikia klachi, vaa zile glavu za mpira za kuoshea vyombo juu ya glavu zako, wakikucheka wacheke wewe unafika. Ilikuwa rahisi enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki, unajifunga mikono na simu bure, tangu zipigwe marufuku 2019 kila kitu gharama.

fundi_soweto:
Chalii hapo kwenye breki nakupinga. Ya mbele ndo inasimamisha pikipiki hata kwenye mvua, kosa ni kuifyatua ghafla. Unaibana taratibu pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imenyooka. Kama ni ya brekishuu na imelowa, kabla hujaihitaji ibane kidogo kidogo ukiwa unatembea mpaka usikie inashika, maji yanakauka. Mkuu nilikuwa nataka kukuuliza tairi, ikiwa kipara haya yote tunayoandika ni hadithi.

Mama_Sadala:
Mwanangu mimi siendeshi ila nauza chai barabarani na nawaona mnavyopita mmelowa mpaka nawaonea huruma. Kwa nini msisimame? Mvua kubwa ya namna ile haichukui masaa, mara nyingi nusu saa imepungua. Na mkisimama msiende chini ya mti, kuna radi, ingieni sheli au dukani, hakuna atakayewafukuza. Na maji yakishavuka barabara kwa kasi usipime kwa macho, Aprili 2024 si tuliona gari la wanafunzi lilivyosombwa huko Arusha, itakuwa pikipiki? Huyo mkeo msikilize.

chalii_wa_ngarenaro:
mama umemaliza. Ila sisi wa kupeleka hesabu kwa tajiri jioni kusimama nusu saa ni hela

Mama_Sadala:
Na hospitali ni bei gani?

MtotoWaKibosho:
Asanteni sana, leo ndo nimeelewa ile ishu ya semi, wiki nzima nilikuwa namwambia kila mtu barabara ile ina kitu. Nimeangalia tairi ya nyuma, katikati imebaki laini kabisa, kesho naibadilisha. Ijumaa nikiona wingu limekaa upande wa KIA nasimama Kikatiti mpaka lipite, wife nimemwambia akubali nichelewe asinipigie pigie. Coaster bado tunajadiliana.

Ndizi alinipa bosi, ningekataaje? Mama mkwe alipoziona akauliza nimezitoa shamba lake au la jirani.